Mwalimu Kiini na Kinamasi cha Nyuma ya Nyumba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye dawati mbele ya marehemu, mnaombwa mkae vizuri, kwa kuwa historia hii itasomwa taratibu. Anayeisoma ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani, amechoka kama mnavyomwona, amevaa miwani ya dada yake kwa sababu yake mwenyewe ameisahau hospitali, na ameagizwa na familia asiharakishe, kwani jeneza halitainuliwa mpaka kazi inayofanyika nyuma ya nyumba iishe. Hizo sururu mnazozisikia si za wachimba kaburi, kaburi lilikuwa tayari tangu jana. Marehemu aliacha ombi moja, akataka asishushwe ardhini kabla halijatimizwa, na lisipotimia leo mtarudi majumbani kwenu na yeye atarudishwa chumba cha maiti. Ombi lenyewe litaelezwa likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya reli yenye vyumba viwili, akiwa mtoto wa kwanza wa mpiga ishara wa treni na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, na siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, ardhi ilitikisika, vikombe vikagongana kabatini. Mama yao alikuwa akisema kilichotikisa vikombe ni treni ya mizigo. Marehemu alishikilia tetemeko lake mpaka uzeeni, na katika jambo hilo hakuna aliyemweza. Utotoni alichapwa mara nyingi kwa kubandua udongo wa ukutani na kuula, na alipokua mkubwa akaugeuza udongo huohuo kuwa kazi, jambo ambalo wazazi hawakulitarajia hata kidogo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, ng'ambo ya reli, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, alikotoka mwaka 1973 na cheti cha kufundisha Jiografia. Januari iliyofuata aliripoti kwenye shule ya sekondari ambayo wengi wenu mnaijua, akapewa chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, na hakutoka hapo mpaka alipostaafu mwaka 2011, ingawa mara mbili alitakiwa awe mkuu wa shule, akakataa kwa maelezo kwamba ofisini hakuna ubao.

Jina la Mwalimu Kiini alilipata kwa sababu ya mayai. Somo lake la kwanza kwa kila kidato cha kwanza lilikuwa muundo wa dunia, na kila mwaka aliingia darasani na bakuli la mayai ya kuchemsha, akapasua yai moja kwa kisu mbele ya watoto, akawaonyesha ganda tunalolitembelea na kulijengea na kuliona kubwa, kumbe ni hilo jembamba hivyo, kisha tabaka la kati lililo jeupe na nene, kisha kiini. Siku moja alikuja mkaguzi wa shule akakaa nyuma ya darasa, na siku hiyohiyo mumewe, ambaye tutafika kwake, alikuwa ameepua sufuria mapema ili mafuta ya taa yasiishe. Yai lilipopasuliwa kiini kikamwagika mezani, kikatiririka mpaka kwenye daftari la mahudhurio. Mkaguzi akainua kalamu. Marehemu hakupepesa macho, akawaambia watoto watazame vizuri, kwa kuwa kiini cha nje cha dunia ni cha majimaji namna hiyo, na yai lililoiva sana ni uongo. Tangu hapo alidai mayai ya nusu kuiva, na nyumbani watoto wake walikula mabaki ya dunia kila mwanzo wa mwaka mpaka wakayachukia mayai, mpaka leo hawayagusi.

Somo la pili ndilo lililokuja kumtia matatizoni baadaye, kama mtakavyosikia. Alifundisha kwamba miamba, maji, hewa na viumbe hai ni watoto wanne wa nyumba moja wanaokula sahani moja, kwamba huwezi kumgusa mmoja wengine wasijue, kwamba mti ukikatwa mlimani atakayelia ni mtu wa bondeni, na kwamba vumbi la mlima unaolika ndilo linalokuja kuwa shamba la mtu asiyeujua hata huo mlima. Neno uchafu kwa maana ya udongo halikutamkwa mbele yake. Mtoto aliyelitamka, wa shule au wa kuzaa, alitolewa nje akalete konzi ya huo uchafu, kisha aseme kilichomo, mchanga ulitoka wapi, jani hili lilikuwa nini, mdudu huyu anafanya kazi gani, mpaka ajute kufungua mdomo.

Alifunga ndoa mwaka 1977 na fundi mwashi aliyekuja shuleni kujenga darasa jipya. Marehemu alimwendea akamwambia msingi anaouweka uko kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha, na fundi akamjibu kwa adabu zote kwamba mama arudi kwenye chaki zake. Mvua zikaja, ukuta ukapasuka kiasi cha kupitisha mkono, fundi akarudi kuubomoa kwa aibu, na alipomaliza kuujenga upya akaja kuposa. Alikuwa akisema mwanamke anayeona chini ya ardhi ni afadhali umuweke ndani kuliko awe kwa jirani. Waliishi vizuri, wakigombana juu ya mafuta ya taa tu, mpaka fundi alipofariki mwaka 2009, na tangu hapo marehemu hakupunguza kazi, ila alipunguza maneno.

Nyumba hii mliyoizunguka waliijenga wenyewe, kwenye kiwanja ambacho kila mtu alikikimbia kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kinamasi, matete, vyura wa kukesha na mbu wa kila aina. Fundi alitaka kukijaza. Mkewe akamweleza kwamba mvua yote ya ule mgongo wa kilima wa juu hushukia hapo, kinamasi huinywa na kuitoa kidogokidogo mpaka kijitoni, na kwamba wao wamenunua kiwanja pamoja na kazi yake, basi waiache ifanye kazi. Fundi, akiukumbuka ule ukuta, hakubisha. Kwa miaka yote hiyo maji hayakuingia kwa jirani yeyote wa safu ya chini, na kwa kuwa hayakuingia, hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Walijaaliwa watoto watatu. Wa pili ni muuguzi, wa tatu ni dereva, wote mnawaona hapo kwenye viti vya mbele. Kiti cha kwanza kiko wazi, na minong'ono imeshasikika tangu asubuhi, kwamba mtoto wa kwanza yuko wapi, mama analala kwenye sanduku na mwanaume haonekani. Vuteni subira kidogo.

Kifungua mimba huyo ni fundi magari. Mwaka jana alifukuzwa pale kando ya barabara alipokuwa akifanyia kazi, akawa na watoto wanne na hana pa kuweka hata jeki, akaja kwa mama yake kuomba kinamasi ajaze kifusi aweke gereji. Mama alikataa. Kijana akarudi tena, akarudi na mkewe, akarudi na watoto, mwisho akasema maneno ambayo hayasomwi hapa, yenye maana kwamba mama anawapenda vyura kuliko wajukuu. Marehemu alikuwa na shinikizo la damu, magoti hayamsikii, na nyumba yenyewe ilikuwa na ukimya mwingi mno. Mdogo wake alikuwepo siku hiyo, anapinda suruali, akamwona dada yake akikitazama kinamasi dirishani muda mrefu, kisha akamwambia mwanawe ajaze. Hakumweleza chochote kuhusu watoto wanne wa nyumba moja. Aliwafundisha watoto wa watu mpaka wakaelewa, akashindwa na wa kwake, na hakushindwa kwa kukosa elimu, alishindwa kwa sababu alikuwa mama na alikuwa amechoka. Inauma kulisema hili mbele ya watu, lakini yeye mwenyewe alitaka lisemwe.

Malori ya kifusi yalikuja, matete yakafunikwa, ikamwagwa zege, na gereji ikafanya kazi vizuri kiangazi chote. Ule mgongo wa juu nao ulikuwa umeshakatwa miti. Mvua za mwaka huu ziliposhuka zilikuta udongo hauna wa kuushika na kinamasi hakina mdomo, zikageukia safu ya chini, zikaingia kwanza kwa muuza mkaa, halafu kwa wengine kufuatana na milango yao. Marehemu alishuka mwenyewe, na umri ule, akasimama kwenye maji ya magotini mchana kutwa akisaidia kutoa magunia na magodoro. Muuza mkaa alimsihi aende nyumbani akabadilishe nguo. Akamjibu kwamba haya maji ni ya kwake, amwache ayasindikize.

Baada ya hapo alipata homa na kikohozi, akalazwa tarehe 2 mwezi huu, ikaonekana ni nimonia. Mwanawe alikuwa akikaa nje ya wodi, kwenye benchi, haingii. Marehemu hakumlaumu. Kila alipopata pumzi alimwambia mdogo wake kwamba kosa ni lake, kijana aliomba kama watoto wanavyoomba, yeye ndiye aliyejua na akaitikia. Kisha akatoa ombi lake, kwamba asizikwe kabla kinamasi hakijafunguliwa, na alipoulizwa kama anataka kulala hukohuko nyuma ya nyumba yake akakataa, akasema achimbiwe juu kwenye udongo mwekundu, kwa kuwa nyuma ya nyumba maji ya ardhini hayako mbali na hataki majirani wamnywe. Hayo yalikuwa maneno ya Jumatatu. Jumanne tarehe 9, kabla ya jua kuchwa, alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Mwanawe alipelekewa ombi hilo, shangazi zake wakadhani atakasirika, kwa kuwa gereji ndiyo inayowalisha. Badala yake aliyahamishia magari ya watu barabarani, akang'oa mabati, na tangu juzi anavunja zege mwenyewe, akisaidiwa na muuza mkaa, yuleyule aliyeingiliwa na maji. Ndiyo sababu kiti kiko wazi. Mnaouliza mwanaume yuko wapi, huyo ndiye anayegonga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomhudumia bila kumchoka hata alipowaeleza jinsi maji ya dripu yalivyowahi kuwa wingu. Inawashukuru majirani wa safu ya chini, ambao mngeweza kukaa na hasira zenu lakini mmekuja, na viwanja vyenu mmevitoa tuweke viti. Inawashukuru walimu wenzake, hasa waliobeba ubao wake mpaka hapa. Ambao hawakutajwa wasione vibaya, msomaji wenu macho yamechoka.

Karatasi inaishia hapa, yanayofuata hayakuandikwa. Sururu zimenyamaza, nadhani nanyi mmesikia. Mmeona wenyewe mvua iliyonyesha asubuhi mkiwa mnaingia, na sasa tazameni chini ya viti vyenu, uwanja huu wiki iliyopita ulikuwa ziwa, na leo miguu yenu imekauka. Na huyo anayekuja kwa pale ni mtoto wake wa kwanza, ametapakaa matope mpaka kiunoni, anatafuta ndoo. Mwacheni asinawe. Mama yake hakuruhusu mtu auite huo uchafu. Mpisheni ashike mbele ya jeneza, hivyohivyo alivyo.

Haya, dada. Maji yamepata njia, na mwanao amekuja kukuchukua. Sasa pumzika.