Valentino Alipita Ujiji

Kijiwe cha kahawa nyuma ya soko la Kibondo kina mabenchi mawili na watu wasiojua kusema "sijui". Asubuhi ya tarehe kumi na nne Februari, Saady muuza vitenge alifika pale akihema. Mkewe, Adija, alikuwa na wiki ya tatu kwao Gwarama, simu hapokei. Asubuhi hiyo alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu: "Leo Valentine. Tuone." Hiace ya Kakonko ilikuwa inaondoka saa nne. Saady alikuwa na nusu saa na swali moja: hiyo siku watu huwa wanafanya nini?

— Kaa kwanza, alisema Twalibu, fundi saa, ambaye kijiwe kizima humwita Profesa. Sikukuu huijui mpaka uijue historia yake.

— Profesa, mimi nina gari.

— Valentino alikuwa padri kule Roma. Mfalme kapiga marufuku askari kuoa, maana mwenye mke akiwa vitani anawaza nyumbani. Padri akawa anawafungisha ndoa kimyakimya. Wakamdaka.

— Sawa. Ninunue nini?

— Subiri! Gerezani akamponya macho binti wa bwana jela. Siku ya kuuawa akamwachia kikaratasi: "Ni mimi, Valentino wako." Ndiyo asili ya kadi.

— Kwa hiyo kadi?

— Kadi wapi! aliruka Abdalah. Huyu wanamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Ana shangazi Tanga, na habari zake zote hutokea huko. Shangazi yangu anasema huyo bwana hakuuawa. Alitoroka, akapanda meli, akashuka pwani, akaungana na msafara mpaka Ujiji.

— Ujiji ya hapa Kigoma? aliuliza Saady.

— Kuna nyingine? Akampenda binti wa Kiha. Na huu wekundu mnaouona leo ni wa nini? Mawese! Alimpelekea dumu la mawese.

— Madumu yalikuwepo miaka hiyo? aliuliza Profesa.

— Kibuyu, basi! Usinivuruge.

— Jamani, ni saa nne kasoro kumi, alisema Saady. Maua, nguo nyekundu, mawese, nichukue kipi?

— Maua hapana, alisema Profesa. Halafu ujue, Japani wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti. Kwa utaratibu huo, Adija ndiye alitakiwa akuletee wewe.

— Adija si Mjapani!

— Tena sisi Waislamu siku yenyewe haituhusu, alisema Redio.

— Si umetoka kusema Valentino ni shemeji yetu wa Ujiji?

— Hayo ni ya ukoo. Ya dini mbali.

Honi ikalia upande wa stendi. Saady alisimama, na alipofika pembeni ya soko aliona vumbi tu. Akarudi, akashika kikombe chake, akakitua kwenye benchi kwa nguvu mpaka kahawa ikamrukia Redio.

— Limeondoka! Nimeuliza kitu kimoja tu, watu wazima wawili, kitu kimoja!

— Hasira za nini? alisema Profesa. Tulikuwa tunalikaribia jibu.

Kulikuwa na mama mmoja Mkongo, Chantal, aliyekuja kwa kibali kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kumwona mgonjwa wake hospitali. Alikuwa amesimama muda wote, akisubiri ajazwe chupa ya kahawa.

— Pardon, baba, alimwambia Saady kwa Kiswahili cha Kongo, ambako bibi ni mke na "juu ya nini" ni "kwa nini". Bibi yako alitoka ku nyumba juu ya nini?

Profesa akaanza kufuta miwani. Redio akainama kufuta kahawa kwenye shati.

Saady alijua. Mwezi wa kwanza, Alhamisi, Adija alizidiwa na homa akaanguka uani. Alimpigia simu mara nne. Saady alikuwa kwenye benchi hili hili, wanabishana kama mto Malagarasi ungeweza kujaza ziwa jingine. Aliitazama simu, akaigeuza kifudifudi. Jirani ndiye aliyempeleka Adija hospitali.

Alilipa kahawa. Alisimamisha bodaboda akapanda, mikono mitupu.

Saa nane alikuwa Gwarama, nyusi zimejaa vumbi. Adija alikuwa uani kwa mama yake, anapukuchua maharage. Alimtazama juu mpaka chini, akarudi kwenye kazi yake. Saady alichutama kando, akachukua ganda moja, akalipasua, kisha jingine. Ungo wa maharage ulifika nusu.

— Siku ile simu zako niliziona, alisema hatimaye. Zote nne.

— Najua, alisema Adija. Nilikuwa nasubiri useme.

Akamsogezea kigoda.

— Kaa vizuri. Unayamwaga.