Ndege ya Pili

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi dogo lililopinduka, kikang'olewa na kuegemezwa ukutani nje ya karakana ya vioo. Upande wa kushoto springi moja imechomoza, na anayechelewa kufika ndiye anayeikalia. Kila siku jua likishapinda, hukutana hapo watu walewale kunywa kahawa na kuharibu habari za dunia. Yupo Antena, fundi redio, mrefu na mwembamba, anayesikia kila kitu na kuelewa nusu. Yupo Tranziti, aliyewahi kusafiri kwa ndege mara moja tu, akaikosa ile ya kuunganisha, akalala uwanjani siku nne na kurudishwa nyumbani bila kufika alikokuwa akienda. Tangu hapo ndiye mtaalamu wao wa mambo ya anga. Yupo Mama Birika, anayewauzia kahawa na bado anangojea kusikia la maana. Na yupo mwenye karakana, fundi vioo, wanayemwita Mkato. Waliompa jina hilo hawakuwa wakifikiria vioo. Mkato hakuwahi kuiheshimu njia ndefu tangu azaliwe.

Mchana huo alitoka ndani akijipangusa vumbi, simu mkononi, na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

— Nimemaliza. Mama anaondoka Jumatano. Alhamisi yuko kwa mdogo wangu, Ijumaa anashika mtoto.

Wote walijua habari ya mdogo wake wa kike. Yuko nchi ya mbali, mume alishamkimbia, mtoto amekaa vibaya tumboni, na Ijumaa angetolewa kwa kisu. Hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

— Ndege ya moja kwa moja? aliuliza Tranziti.

— Moja kwa moja ni ya matajiri. Anashuka mahali, anapanda nyingine.

— Anashuka na kukaa muda gani?

— Dakika hamsini.

Tranziti aliweka kikombe chini. Alimtazama Mkato kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe.

— Hamsini. Mama yako. Mwenye lile goti.

— Goti limepata nafuu. Na mwenda pole hajikwai.

— Hajikwai, ila ndege haimngoji. Wewe unadhani uwanja ni stendi, unashuka hapa unadandia pale? Uwanja ule una treni ndani yake, bwana. Treni. Unatoka mlango mmoja kwenda mwingine unapanda treni.

— Basi atapanda treni. Penye nia pana njia.

— Njia ipo. Ndiyo ninayokwambia ni ndefu.

Mkato alicheka, lakini kicheko chenyewe kilitoka kikavu. Alikuwa na neno moja hajalisema, na hakukusudia kulisema mbele ya watu hawa.

Antena alikuwa ameshajinyoosha. Akijinyoosha, ujue mitambo imewaka.

— Nyinyi mnazungumzia urefu. Hamjiulizi kwa nini ni mrefu. Mnapitishwa kwenye maduka makusudi. Mtu ana haraka, anaambiwa pita hapa kwenye manukato, zunguka pale kwenye saa za dhahabu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Ndege inaelea. Basi imeundwa ili wewe ubaki dukani.

— Methali hiyo haina uhusiano na manukato, alisema Mama Birika.

— Una uhakika? Haya, la pili. Kule juu saa zinaliwa. Ukiruka kulifuata jua unaongezewa, ukiruka kulipa mgongo unakatwa. Mama anaondoka na dakika zake hamsini, anatua amebakiwa na ishirini. Nimelisikia redioni.

— Redio ipi?

— Ile niliyokuwa naitengeneza.

— Ilikuwa imepona?

Antena aliinua kidole cha tatu.

— Na la tatu ndilo baya. Kiti kimoja wanauza mara mbili. Yupo mtu kazi yake ni kukaa mbele ya kioo cha kamera, anawatazama mnavyokimbia. Akiona huyu atawahi, anabadilisha namba ya geti. Analipwa kwa kila anayekosa. Dada yako atakuwa kitandani huko, na huyo bwana anakunywa soda. Ndiyo maana ikasemwa, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mama Birika alimgeukia polepole.

— Mtu dada yake anakwenda kupasuliwa, nawe ukatafuta katika methali zote za duniani ukaona hiyo ndiyo inafaa.

— Nimeitumia kwa maana ya ndani.

— Ibakize huko ndani.

Mkato alitaka kuingia karakanani, lakini akarudi. Akajikuta anamuuliza Tranziti, tena kwa sauti ya chini.

— Wewe uliikosaje hasa?

Kwa miaka yote hiyo Tranziti alikuwa ameisimulia habari ile kwa namna nyingi. Mara askari walimzuia, mara ukungu, mara alipewa chai yenye dawa ya usingizi. Safari hii alikaa akikizungusha kikombe.

— Ya kwanza ilichelewa. Kidogo tu, mvua. Nilikimbia. Nilipofika getini mlango ulikuwa umeshafungwa, wanafunga mapema kabla haijaondoka. Ndege nikaiona. Ilikuwa imesimama pale pale, nimeweka mkono kwenye kioo, naona mpaka uso wa rubani. Nikawaambia wahudumu, si ile pale? Wakasema, ndiyo, ni ile.

— Kioo gani? aliuliza Mkato. Cha tabaka mbili?

— Mimi nalia, wewe unauliza tabaka?

— Lakini walikutafutia nyingine.

— Wale wa ndege ya kwanza walisema, sisi tumekufikisha hapa, kazi yetu imekwisha. Wale wa pili wakasema, sisi tulikungoja hukuja, tikiti imekufa. Kila mmoja akanawa mikono. Nilikuwa nimenunua mbili mbalimbali, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mjinga nilikuwa.

Lile neno lilimchoma Mkato palepale penyewe. Ndilo hasa alilolificha. Tikiti za mama zilikuwa mbili, za kampuni mbili, kila moja ameinunua peke yake usiku akijisifu kwamba mawakala wa mjini ni wezi tu na watu wote wanaopitia kwao ni mabwege.

Hapo mama yake akatokea kwenye kona. Alikuwa anatoka sokoni na furushi la nguo za mtoto, akitembea kwa mtindo wake, mguu mmoja ukiongoza na mwingine ukifuata kwa kulalamika. Benchi zima likainuka. Antena alimpisha mahali pake pazuri, akahamia kwenye springi bila kunung'unika.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Kaeni. Mbona sura hizi?

— Tunaizungumzia safari yako, mama, alisema Tranziti.

— Enhe. Izungumzieni na mimi nisikie.

Wakaizungumzia. Antena akarudia treni kana kwamba ameipanda, na jua, na mtu wa kamera, ambaye sasa alikuwa na msaidizi. Tranziti akamshauri avae raba. Antena akaongeza kwamba apige kelele za maumivu ndani ya ndege ya kwanza ili ashushwe wa kwanza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya furushi, kama anayesikiliza watoto wakigombania mpira.

— Nimesikia, alisema. Mimi sijui viwanja. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Hiyo ndege ya pili, inajua kama mimi ninakuja?

Antena alifungua mdomo, ukakaa wazi bila matangazo. Tranziti aliinamia kikombe ambacho kilikuwa kitupu. Mama Birika alishika birika hewani, asimimine.

Mkato alimtazama mama yake. Goti lilikuwa limevimba chini ya kanga, na vidole vyake vilikuwa vimekishika kisoksi kimoja kilichochungulia kwenye furushi, kidogo kama kidole gumba. Akamwona mawazoni amesimama peke yake mbele ya kioo cha getini, amekiwekea mkono, watu wakimwambia ndiyo, ni ile.

— Haijui, mama, alisema.

Kijiwe kizima kilimgeukia, na Mkato akangoja wamcheke. Hawakumcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

— Nimenunua mbili. Haziunganiki. Ukichelewa ya kwanza, ya pili haina habari na wewe.

Mama hakupandisha sauti. Alikusanya furushi, akaegemea bega la mwanawe, akasimama.

— Basi funga karakana, twende kwa mawakala tukaiambie.