Kiatu cha Mkaguzi

Ndani ya basi, nyuma yangu, binti mmoja alipaza sauti kwenye simu. “Mama, kozi yetu chuoni imepata ithibati! Shahada yangu ya mipango miji iliyolala kabatini miaka miwili sasa inatambuliwa. Naweza kuajiriwa!” Sikugeuka, mtu mzima husikiliza kwa kisogo.

Fundi mwashi aliyekaa naye akaguna. “Mwanangu, mimi nimejenga miaka thelathini bila hiyo ithibati. Ninyi mnachorachora tu.”

“Hata wakaguzi wa vyuo walisema hivyohivyo, baba. Tukawapa ramani ya mtaa tuliyoipima kwa miguu, mvua inatunyeshea, tukitia alama kila mahali maji yanaposimama. Mkuu wao akaenda kuhakikisha. Alirudi na kiatu kimoja.”

Tulicheka basi zima, hata mimi niliyeishia darasa la tatu.

“Kiatu si shahada,” fundi akashikilia.

“Lakini ndicho kilichotia sahihi!”

Basi likasimama. Fundi akashuka akibisha, na mguu ukazama majini hadi kifundoni. Binti akachungulia dirishani. “Pole, baba! Na hapo tulipachora!”