Gari la Kilomita Laki Tatu

Mtu hata kufa hamumwachi afe kwa nafasi, lazima kwanza aeleze. Kaka yenu mkubwa hata viatu hajavua, ameshauliza gari atapewa nani na kuna nini kati yangu na fundi Mashoto. Sikilizeni basi, wanangu, na wewe mjukuu weka hiyo simu unayonirekodia karibu na mdomo, siyo puani, maana nitasema mara moja tu.

Gari lile nililinunua likiwa limetembea kilomita laki tatu na ushee, na nyote mkanicheka. Mkubwa alisema, "Mama, hilo si gari, ni marehemu mwenye matairi." Nilikuwa nashona sare za shule na mapazia, nataka cha kupelekea mizigo, nikaambiwa haibridi, yenye injini ya petroli na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, inakunywa mafuta kidogo. Sikununua kibubusa. Nilikwenda na Mashoto, yule fundi anayeshika spana kwa mkono wa kushoto, akachomeka kompyuta yake, akapima betri chumba kwa chumba, akalala chini ya gari mpaka shati likawa tambara. Akaniambia, "Mama, kilomita zisikutishe. Badilisha oili kwa wakati, usiliache gari limesimama wiki tatu, na hili tundu pembeni ya kiti cha nyuma usilizibe kamwe. Betri inapumulia hapa."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Masikio yalikuwa kwake, macho yanapima viti.

Viti vilikuwa vimechanika, na mimi siwezi kukaa juu ya kitu kilichochanika. Nikavishonea vitambaa vizito vya zambarau, vyenye marinda, na lile tundu kwa kuwa lilinikera kama pengo la jino nikalifunika, nikalitarizia na ua la manjano juu yake. Watu walisifu sana.

Mwezi wa nane taa nyekundu ikawaka, gari likazimika kwenye kituo cha mafuta. Betri imekufa. Nilishuka pale pale, mbele ya madereva wote waliokuwa kwenye foleni, nikasema Mashoto amechomoa vyumba vizima vya betri akaniwekea vibovu. Nikasema tena kwenye duka la vitambaa, na kwa kila mteja aliyekuja kupimwa.

Betri nyingine alinifungia fundi wa kike, binti mkimya, wiki ile ile. Alipong'oa kiti na kufungua feni ya kupoza betri, nyuma ya lile tundu, akanionyesha kiganjani donge la nyuzi na vumbi, limekaza kama kipande cha sabuni. Nyuzi za zambarau. Nikamwambia, "Litupe hilo." Akalitupa. Akauliza, "Na fundi Mashoto je, Mama?" Nikamjibu, "Wewe umeitwa kufunga betri."

Nyumbani nikalikata lile ua kwa mkasi, nikanyamaza. Kabla mwaka haujaisha wateja wakamkimbia Mashoto, akafunga gereji yake, akaenda kufungua nati kwenye gereji ya mwanafunzi wake mwenyewe. Nilikuwa nampita pale na mizigo yangu. Miaka sita nimempita, gari limefika laki tano, halijawahi kulala njiani tena.

Juzi nikamwita hapa, nikamwambia yote, nikampa funguo. Akaziweka juu ya shuka. "Gari silitaki, Mama. Nataka jina langu. Ulilivunjia kwenye kituo cha mafuta, kalitengeneze pale pale, foleni ikiwa ndefu." Nikamwambia naumwa. Akasema, "Naona."

Mdogo wenu akalia, ati, "Mama, ukijisema hadharani, aibu hiyo unatuachia sisi." Nikamwambia mtaizoea.

Basi gari ni la huyo mdogo, kwa sababu ndiye pekee kati yenu anayefungua boneti. Kila mwezi toa kichujio cha feni ya betri ukisugue kwa brashi laini, usikipige maji. Fundi wake ni Mashoto, hata akiwa ghali. Cherehani ni ya mkubwa. Usinune, mkeo anashona vizuri kuliko wewe unavyoendesha. Nipeni maji kidogo... basi, yatosha. Mungu awatunze, awape riziki, na akili ya kusikiliza mtu anapowaeleza jambo.

Kilichobaki ni cha leo asubuhi, ambacho mkubwa amekisikia njiani ndiyo maana amekuja amevimba.

Mdogo wenu alinibeba akanilaza kiti cha nyuma. Foleni ilikuwa ya magari kumi na tatu, nimeyahesabu. Mashoto amesimama kando ya pampu, mikono nyuma. Nikashusha kioo nikasema betri niliiua mimi kwa kitambaa changu, nilijua ndani ya wiki moja, na huyu hakuniibia kitu. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Dereva wa lori akapaza sauti, "Bibi, huku nyuma hatusikii!"

Nikamtazama Mashoto, nikidhani atasema basi. Hakusema. Nikamwambia mdogo wenu afungue mlango, anishike kwapani, anisimamishe. Nikasema tena. Bado yule wa lori anatingisha kichwa. Nikavuta pumzi... hii hii mnayoisikia sasa inakatika... nikasema mara ya tatu, neno kwa neno, mpaka wa mwisho kabisa kwenye foleni alipoinua mkono kwamba amesikia.