Fundi Breki na Mafuta Yasiyo Yake

Ndugu waombolezaji, niwieni radhi mapema, maana familia ilitafuta msomaji mwenye sauti nzuri na adabu, ikakosa, ikanipa karatasi mimi mdogo wake marehemu, ambaye tangu utotoni nikikabidhiwa jambo zito huliangusha.

Kaka yetu, aliyejulikana mji mzima kwa jina la Fundi Breki, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya tatu nyuma ya kinu cha nafaka, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga, na mama alituambia kwamba hata siku hiyo hakuwa na haraka, alisimama njiani, akafikiri, ndipo akamalizia safari.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza mwaka 1974, na hakuendelea, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu kila alipoitwa ubaoni alichora gurudumu.

Baada ya kujifunza ufundi kwa miaka mingi, Februari 1982 alifungua karakana yake chini ya ngazi za ghala la magunia, juu kabisa ya mteremko, akaniajiri mimi, akaweka sheria isiyo na msamaha, kwamba hakuna baiskeli itakayotoka kabla hajaisukuma kwa mkono wake huku amebana breki, kwanza ya nyuma, kisha ya mbele, na gurudumu likizunguka hata kidogo mteja arudi kwenye benchi, hata awe bwana harusi. Raba ya breki iliyolika aliitupa, waya uliokatika uzi mmoja aliubadilisha wote, na kila mtu alimfundisha kubana breki zote mbili mapema na polepole, maana anayebana ya mbele peke yake kwa hofu huruka usukani, akafika kabla ya baiskeli yake.

Tarehe 3 Novemba 1983, saa nne asubuhi, mshonaji mmoja alileta baiskeli akilalamika kwamba breki zinalia kama mbuzi aliyekanyagwa, zikapakwa mafuta kwenye raba na kwenye ringi, kelele zikaisha kabisa, na breki nazo zikaisha kabisa. Dada wa watu aliteremka akisalimia watu wasiopata muda wa kuitikia, akaingia kwa kinyozi kwa mlango wa mbele, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama ndani ya pipa la chokaa, goti limechubuka. Marehemu alimkimbilia akipiga kelele, "Shusha miguu, dada!" naye akajibu kutoka humo chokaani, "Miguu ninayo, breki ndizo umekula!"

Marehemu alikiri kosa mbele ya watu wote, akaenda kuliomba radhi goti la mshonaji kila siku kwa wiki saba, goti likapona, mazoea yakakataa kupona, wakafunga ndoa tarehe 20 Aprili 1985, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Shemeji alimpenda sana, lakini kila walipogombana alimwita Bwana Mafuta, mafundi wenzake wakalidaka jina hilo, wakasema sheria yake ni ya wengine, na kila mara marehemu alinitazama, akaendelea kukaza waya.

Januari 2019 moyo wake ulianza kumsumbua, daktari akamwambia apunguze mwendo, akajibu kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Tarehe 27 Mei alinishika mkono pale wodini akasema, "Mdogo wangu, nimekubebea vya kutosha, wasinizike na mafuta yako," na tarehe 30, saa tatu asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka hamsini na saba.

Basi sikilizeni, shemeji, na ninyi mafundi mliomcheka. Siku ile kaka aliipima baiskeli, breki zikashika sawasawa, akaenda kunawa mikono, nami nikaona mshonaji ni mrembo, nikataka anisifu, nikachukua kopo la mafuta. Yeye hakuivunja sheria yake hata mara moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na mafundi mliofunga karakana zenu leo.

Pumzika kwa amani, kaka, jina lako ni safi. Shemeji ameshavua kiatu kimoja anipige nacho, na safari hii hakuna wa kusema "kosa ni langu" isipokuwa mimi.