Miti ya Mepo ya Bwana Nguzo

Asubuhi hiyo ya Julai, kahawa ilikuwa haijamiminwa na ugomvi ulishaanza kwenye benchi la mbele ya duka la chakula cha ng'ombe, kijijini East Corbin, Vermont. Ng'ambo ya barabara, kando ya kisiki cha mepo kongwe ulioangushwa na upepo, ilisimama miche mitatu ya mepo, mti ule unaotoa shira, ikiwa imenyooka kama askari. Majani yake yalikuwa yameungua kingoni, ya kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyochungulia moto. Halmashauri ya kijiji ilishatangaza kwamba Jumamosi itang'olewa, na mahali pake asimamishwe ng'ombe wa plastiki, avutie watalii.

Aliyeipanda alikuwa Alden Thibault. Kijiweni humwita Nguzo, kwa kuwa maisha yake yote amejenga nyua, na katika nchi ile ambako ardhi huganda na kutema kila kilichochimbiwa juu juu, nguzo yake haijawahi kutemwa hata moja. Alishajitapa mkutanoni mbele ya kijiji kizima kwamba akitiacho ardhini hakitoki. Sasa kila anayepita anapunguza mwendo wa gari, aangalie.

— Ni mnara wa simu, alisema Wendell, waliyempa jina la Redio kwa kuwa hazimiki. Unakausha. Hata masikio yangu umeyakausha.

— Yako yamekauka kwa kukosa kazi, alijibu Odile, Mama Posta, aliyegawa barua za kijiji mpaka akastaafu na bado anajua ya kila nyumba.

Yeye alimshuku mbwa wa daktari wa mifugo, ambaye kila asubuhi huinua mguu pale. Alden akauliza kwa ukali mbwa mmoja angeyafikiaje majani ya juu.

— Ana bidii, alisema Mama Posta.

Redio hakukubali kupitwa. Miche ilinunuliwa New Hampshire, alisema, hivyo inalilia kwao. Halafu akakumbuka kwamba wauza shira wa Quebec wana wivu, na kwamba juzi aliona gari lenye namba za huko likitembea taratibu mno.

— Lilikuwa limepata pancha, Redio, alisema Mama Posta.

— Ndivyo wanavyosemaga.

Alden akatua kikombe kwa kishindo. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini hakuwa na hila.

— Sitaki hadithi mimi. Maji naipa. Kama nimekosea, mtu aniambie usoni, nitakubali.

— Hujakosea, bwana, Redio alimtuliza. Shimo ulilochimba lile, hata mimi ningezikwa nimesimama.

Hapo akavuka barabara mchungaji mpya, Priscilla Yount, na mfuko wa donati. Alihamia masika hayo akitoka Arizona, na mepo alikuwa hajawahi kuuona kwa karibu. Aligawa donati, akakaa, akatazama kisiki, kisha miche, kisha kisiki tena.

— Samahanini, mimi mgeni. Huyu mzee chini amepanua miguu kama bata. Wale wadogo wameingia ardhini wamenyooka kama mwiko. Miguu yao iko wapi?

Alden aliitazama miche, na kwa mara ya kwanza hakuona miti. Aliona nguzo tatu, nzuri, zimesimikwa wima kabisa.

— Nimeichimbia kama nguzo, alisema polepole. Niliogopa baridi isiiteme.

— Kwa hiyo umeizika hai, alisema Mama Posta.

Alden alikwenda kwenye gari lake akachukua koleo, wengine wakamfuata na vikombe vyao. Alifukua kwa koleo, kisha kwa vidole, mpaka mkono ukazama kiwiko kizima. Ndipo akapapasa mahali shina linapotanuka kuwa mizizi. Alikaa pale amepiga magoti, udongo mpaka kwenye nyusi, akicheka peke yake.

— Mzima bado. Tunaipandisha yote leo.

— Na mnara wa simu je? aliuliza Redio.

— Shika koleo.

— Na halmashauri Jumamosi? aliuliza mchungaji.

Alden akajifuta paji la uso.

— Waje tu na ng'ombe wao. Nitamsimika mimi mwenyewe, bure. Nitamzamisha mpaka pembe.