Mbwa wa Soli na Bustani Mpya

Kijiwe cha Kirando kilikuwa gogo moja la mkaratusi lililolazwa nyuma ya soko la Sumbawanga, pale ambapo upepo wa Juni humpiga mtu mgongoni hata jua likiwa limewaka. Mwenye kahawa alitoka Kirando, ziwani, ndiyo maana akaitwa hivyo, na miaka yote aliyokaa huku juu hakuwahi kuuzoea ubaridi wa Ufipa. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Leonsi aliitwa Redio kwa kuwa habari ilimtoka kabla hajaipata. Eustaki aliitwa Kamati, kwani aliwahi kukaa kwenye kamati moja, siku moja, na tangu hapo hajashuka. Wa tatu alikuwa Polikarp, fundi viatu, waliyemwita Soli. Jumapili ile Soli alikunywa kahawa mkono mmoja ukiwa ndani ya koti.

Habari ya mji ilikuwa bustani mpya. Wakubwa walikuwa wamezungushia uwanja mmoja michongoma, wakapanda maua, wakaweka mabenchi. Alhamisi gari la matangazo likapita mitaani: kila baba aje Jumapili saa kumi, yeye na mkewe na watoto na wanyama wa nyumbani, mbwa na paka, waje kupumzika. Basi ungewaona watu. Mwaka uliopita vijiji vizima vya Ufipa vilikuwa vimehamishwa kwa malori, na tangazo la kuhama nalo lilianza vilevile, njooni na watoto, njooni na mifugo. Mji mzima ukaanza kulala jicho moja wazi.

— Mimi nauliza, alisema Redio. Mtu na akili zake anamtembeza mbwa ili iwe nini? Mbwa anajitembeza mwenyewe, jioni anarudi.

— Geti mmeliona? alisema Kamati. Ni moja tu. Zizi ndilo lenye geti moja.

Soli akashusha pumzi. Hilo la geti hakuwa amelisikia, na lilimpoza kidogo, maana leo alihitaji kusikia mabaya, na kila baya lililosemwa lilimwonyesha kwamba hakukosea.

Alfajiri, Klementina mkewe na binti yao Josefina wakiwa bado wamelala, alikuwa amemfunga kamba mbwa wao Siafu, mwekundu mwenye sikio moja, akampeleka hadi kwenye lori lililokuwa likiteremka Kasanga, kule ziwani. Alimfungua kamba, akamkabidhi utingo, akamwomba ampe mvuvi yeyote mwenye huruma. Kijiji cha mama yake Soli kilipohamishwa, mbwa hawakupandishwa malorini. Soli alirudi baadaye kuchukua mlango wa mama yake, akawakuta wamelala mbele ya nyumba zilizoezuliwa, wamekonda, bado wanalinda. Hakutaka Siafu aje alinde nyumba tupu. Lakini Josefina alipoamka aliambiwa mbwa ametoroka, na tangu hapo alikuwa akizunguka mitaa akiita, na gauni lake la kwendea bustanini limeshapigwa pasi.

— Wanatupeleka bondeni, Ziwa Rukwa, Kamati aliendelea. Kwenye joto na mbu. Nyie mmeyaangalia yale mabenchi yalivyopangwa? Yamepangwa kama ndani ya lori. Wanatuzoesha kukaa.

— Na mbwa je? Soli aliuliza.

Redio akasogea karibu. Alisema mbwa watapigwa risasi wote kwa sababu ya kichaa. Kisha akaona risasi ni ghali, akageuza: mbwa wote, wakubwa kwa wadogo, watapelekwa mpakani wakafundishwe kunusa majasusi. Kamati akauliza paka nao wanakwenda kunusa nini. Redio hakukwama. Paka ni wa maghala ya mahindi, panya wamezidi, na huyo bwana mifugo mpya kutoka Mbeya, mwenye wazo la bustani, kaletwa kwa kazi hiyohiyo.

— Mtu ametoka kwao Mbeya, akasema, aje huku kukuombea wewe upumzike? Anakujua?

Kirando alitikisa birika, akasema kahawa imefika kwenye machicha na wanywe taratibu. Soli hakumsikia. Alikuwa akifikiria ile barabara ya Kasanga inavyoshuka, kona juu ya kona, na Siafu ambaye hajawahi kupanda hata mkokoteni.

Ndipo akatokea mwanamke aliyejifunga kitenge kizito, ameshika mkono wa binti yake, na mbwa mweupe anawafuata kwa kamba. Alikuwa Tusekile, mke wa bwana mifugo mwenyewe. Akamwamkia Kirando shikamoo kwa umri wake, akawasalimu wengine, kisha akasema kwa unyonge kidogo kwamba anatoka bustanini.

— Mume wangu yuko pale peke yake tangu saa tisa, alisema. Amechemsha chai pipa zima. Amewawekea mbwa maji kwenye mabeseni. Hajaja mtu hata mmoja.

— Na malori? aliuliza Kamati.

— Malori gani, kaka?

Kamati akainamia kikombe chake. Tusekile alieleza kwamba mumewe ni mtu wa wanyama tu. Kwao Jumapili hutoka na watoto na mbwa wakakaa majanini, na alidhani wenyeji watafurahi. Sasa amekaa pale ameshika kichwa, anasema labda watu wa hapa hawamtaki. Kisha akamgeukia fundi viatu.

— Wewe si baba Josefina? Binti yako na wangu wanasoma pamoja. Ijumaa alimwahidi mwenzake kwamba atakuja na mbwa wake mwenye sikio moja. Tumemngoja. Mbona hatumwoni?

Mkono wa Soli uliokuwa ndani ya koti ukatoka wenyewe na kile ulichokuwa umekishika tangu alfajiri, kamba ya katani yenye manyoya mekundu kwenye fundo. Redio aliiona. Kamati aliiona. Kutoka upande wa soko ilisikika sauti ya Josefina, imeshakwaruza, ikimwita Siafu aje nyumbani.

— Lile lori la Kasanga, Soli aliwauliza wenzake, huwa linarudi lini?

Wale watu waliojua kila kitu wakatazamana. Kirando akamimina kilichobaki kwenye birika, na yalitoka machicha matupu.